Giza la Dagaa na Kengele ya Shule

Mwezi wa mvuvi wa dagaa una sehemu mbili: giza na mbalamwezi. Wakati wa giza mitumbwi huingia ziwani jioni na taa zake, zamani karabai, siku hizi nyingi za betri na sola. Dagaa hufuata mwanga, wavu hushushwa, na alfajiri mzigo uko ufukweni. Mbalamwezi ikishika, taa hazina kazi tena. Wavuvi hushona nyavu na kambi hupoa. Kalenda hiyo haimo kwenye mihula ya Wizara ya Elimu, lakini mwalimu aliyefundisha karibu na mwalo, iwe Ukerewe, Sengerema au visiwa vya Muleba, anaijua vizuri. Huiona kwenye daftari la mahudhurio.

Dagaa wabichi hawasubiri mtu. Wakishapakuliwa humwagwa kwenye mchanga, juu ya miamba, au kwenye chanja kwa wenye uwezo wa kuijenga. Lazima watandazwe wasipandane, wageuzwe jua likipanda, wafukuziwe kunguru na korongo, kisha waanuliwe kabla wingu halijakaribia. Wakilowa bei inaporomoka, na dagaa waliokuwa chakula cha watu huishia kuwa chakula cha kuku. Kazi hii hufanywa na akina mama, na wanaowasaidia ni watoto, kwa ujira wa bakuli la dagaa au shilingi chache. Kengele ya shule nayo hulia asubuhi hiyo hiyo. Mtoto wa darasa la nne anayeacha kugeuza dagaa aende kuwahi mstari amemwachia mama yake kazi ya watu wawili, na huenda amekiacha pia chakula cha jioni kikiwa kimetandazwa mchangani.

Mhadhara huu unadai jambo moja. Kwenye mwambao wa Ziwa Victoria, umaskini hauhitaji tena kumfungia mtoto mlango wa shule ili ashindwe kujifunza. Unamwacha aingie, kisha unamlipisha kwa namna nyingine: saa zake, nguvu za mwili wake, na utulivu wa wazazi wake. Shule inayotaka kumsaidia mtoto maskini ianzie hapo.

Mlango wenyewe ulifunguliwa hapa hapa kandokando ya ziwa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba ndani ya miaka mitatu kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Hilo ndilo Azimio la Musoma, lililozaa kampeni ya UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, na walimu wake waliofunzwa harakaharaka. Aliyekuwa akiliongoza taifa wakati huo alikuwa mwenyewe mtoto wa mkoa huo. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi, Julius Nyerere alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, na 1937 akaendelea Tabora. Alikuwa mtoto wa mtemi, lakini pamoja na hayo shule iliyompokea ilikuwa ya bweni: ilimlaza na kumlisha. UPE haikuweza kufanya hivyo, na wala haikuahidi. Iliwaandikisha watoto kwa mamilioni, na suala la tumbo likabaki nyumbani.

Tangu hapo ada imekwenda na kurudi. Ilirejeshwa katikati ya miaka ya 1980 uchumi ulipobana, ikafutwa tena kwa shule za msingi na MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikafutwa hadi kidato cha nne Januari 2016, na mwaka 2022 msamaha ukafika kidato cha tano na cha sita. Kila ilipofutwa, watoto walifurika. Hayo ni mafanikio makubwa, na anayeyabeza hajapata kukaa kwenye kikao cha ukoo kinachoamua nani kati ya watoto watano atauziwa mbuzi ili asome.

Lakini kufutwa kwa ada hakukufuta gharama. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 uligawa majukumu waziwazi: serikali inapeleka ruzuku, mzazi ananunua sare, madaftari na kalamu, anagharamia matibabu, na anahakikisha mtoto wa kutwa anapata chakula. Ruzuku yenyewe ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka. 4,000 huzuiwa kwa ajili ya vitabu na 6,000 hufika shuleni. Gawanya kwa miezi 12: shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mtoto, zitoke humo chaki, mitihani, michezo na ukarabati wa choo. Uji haumo. Na wazazi wengi waliposikia neno bure walielewa bure kwelikweli, wakaacha kutoa hata debe la mahindi walilokuwa wakitoa. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango shuleni, walimu wakuu wengi waliona salama zaidi kutogusa kabisa habari ya chakula. Katazo lililokusudiwa kumlinda mtoto maskini asifukuzwe kwa sababu ya mchango lilimwacha, katika shule nyingi, ashinde na njaa mpaka saa tisa.

Njaa ya mchana si jambo la huruma tu, linapimika. Watafiti nchini Jamaika, waliochapisha matokeo yao mwaka 1998, waliwapa watoto wa shule za vijijini kifungua kinywa kwa mwaka mzima na kuwalinganisha na wenzao wasiopewa. Mahudhurio yalipanda, na watoto wa madarasa ya chini walifanya vizuri zaidi kwenye hesabu. Tanzania ina sababu ya ziada ya kujali matokeo kama hayo. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto huyo anafika darasa la kwanza akiwa tayari na deni la mwili, halafu anaongezewa saa saba za kukaa bila kula. Kinachouma ni kwamba ziwa liko hapo dirishani. Malori yanapakia dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, kwenda Kongo, Rwanda na Burundi, huku shule iliyo mwendo mfupi kutoka mwaloni haina hata uji mweupe, seuze uji uliotiwa unga wa dagaa.

Ziwa hilo linalolisha ndilo pia linaloleta ugonjwa. Kichocho cha tumbo huenezwa na konokono wanaoishi kwenye maji ya pembezoni, pale pale watoto wanapochota maji, wanapofua, wanapoogelea na kuwasaidia wavuvi kuvuta mitumbwi. Minyoo hujipenyeza kupitia ngozi. Mtoto aliyeambukizwa halali kitandani mgonjwa. Angelala, pengine angetibiwa mapema. Huenda shule kila siku akiwa amechoka, tumbo likimuuma, damu ikimpungua kidogokidogo, na kwa miaka inayofuata ini na bandama vikivimba. Darasani ndiye yule anayeitwa mzito. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) Mwanza wameufuatilia ugonjwa huu kwa miongo kadhaa, na dawa yake, prazikwanteli, ni ya bei ndogo na imejaribiwa duniani kote.

Hapa shule imethibitisha kwamba inaweza kuwa zahanati bora kuliko zahanati. Siku ya kingatiba, mwalimu aliyepewa mafunzo mafupi humsimamisha mtoto kwenye fimbo ya kupimia yenye alama. Urefu unaonyesha ni vidonge vingapi, hakuna haja ya mizani. Darasa zima linamalizika asubuhi moja. Ila vidonge hivyo vikiingia kwenye tumbo tupu huleta kichefuchefu na kizunguzungu, na mtoto mmoja akitapika mbele ya wenzake uvumi hufika kijijini kabla yake. Mwaka 2008 mjini Morogoro ugawaji wa dawa za kichocho katika shule za msingi uliishia kwenye vurugu, wazazi wakivamia shule kwa hofu kwamba watoto wamepewa sumu. Kikombe cha uji kabla ya kidonge kingepunguza sehemu kubwa ya taharuki. Kuna tatizo lingine ambalo fimbo ile haiwezi kulipima. Dawa inagawiwa shuleni, na mtoto aliye kwenye maji kuliko wote, yule wa kambini anayevuta wavu wa kokoro, siku hiyo hayuko shuleni.

Ushahidi maarufu kuliko wote kuhusu minyoo na shule umetoka upande wa pili wa ziwa hili hili. Kuanzia 1998, katika wilaya ya Busia magharibi mwa Kenya, wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule 75 zilizopewa dawa kwa awamu. Utoro ulipungua kwa robo hivi, na hata watoto wasiomeza dawa walifaidika kwa sababu maambukizi yalishuka mtaa mzima. Kremer alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019, na kazi za Busia zilichangia. Wanauchumi na wataalamu wa afya wamebishana kuhusu utafiti huo kwa miaka mingi, na ubishi haujaisha. Lakini jambo moja lilisemwa na watafiti wenyewe tangu mwanzo: watoto walikuja shule zaidi, alama zao za mitihani hazikupanda.

Kwa nini? Jibu moja limo katika utafiti mwingine wa eneo hilo hilo. Paul Glewwe, Kremer na Sylvie Moulin walichunguza shule zilizogawiwa vitabu vya kiada. Kila mtu alitarajia ufaulu ungepanda, maana vitabu vilikuwa haba. Haukupanda, isipokuwa kwa watoto waliokuwa tayari wanaongoza. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na watoto wengi hawakuweza kuvisoma. Mtaala ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwepo darasani: aliyekula, aliyelala, aliyesimuliwa hadithi nyumbani, mwenye mtu wa kumwuliza jioni.

Upande wa Mwanza tofauti ni ya kiwango tu. Mtoto wa Kwimba, Misungwi au Magu anaweza kufika darasa la kwanza akiongea Kisukuma fasaha na Kiswahili cha kuombea maji. Ukerewe ni Kikerewe na Kijita. Ukara ni Kikara. Mtoto wa Nyamagana mjini ameshasikia Kiswahili redioni, sokoni na kwa kondakta wa daladala tangu anajifunza kutembea. Wote wawili wanafunguliwa ukurasa mmoja siku moja. Ukata na lugha hapa hukaa nyumba moja, kwa sababu anayezaliwa mbali na mji mara nyingi ndiye mwenye kidogo. Tathmini za mradi wa Uwezo za mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziligundua kwamba karibu watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu nchini waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali ilishtuka, na 2015 ikaja na mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ulikuwa uamuzi mzuri.

Hatua nyingine nzuri haikusifiwa vya kutosha. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014 na kufika Mara, Simiyu na Shinyanga miongoni mwa mikoa mingine, uliendesha madarasa ya utayari kwa watoto ambao hawakupitia darasa la awali. Yalikuwa ya wiki chache tu, yakifundishwa na mtu wa kijiji hicho hicho, kwa hadithi, nyimbo na michezo. Mtu huyo hakuwa na shahada. Alichokuwa nacho ni lugha ya mama ya watoto, na nyumba zao alizijua. Mwalimu mpya aliyepangiwa kutoka Moshi au Songea hawezi kuwa na vitu hivyo viwili muhula wake wa kwanza, hata awe hodari vipi.

Magharibi mwa Kenya pia, mwaka 2005, shule 121 zilipewa fedha za kuajiri mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Katika nusu ya shule hizo watoto waligawanywa kwa kiwango chao badala ya kuchanganywa. Makundi yote mawili yalifaidika, wa juu na wa chini, kwa sababu kila mwalimu sasa alijua anaongea na nani. Wakosoaji wa mgawanyo wa namna hii wana hofu ya haki: kundi la chini hugeuka kuwa la wajinga, na wajinga hao huwa ni watoto wa maskini. Hofu hiyo ipewe uzito. Lakini mgawanyo si lazima uwe wa siku nzima wala wa mwaka mzima. Saa moja mchana, watoto wa darasa la tatu hadi la tano wakipangwa kwa namna wanavyosoma, si kwa darasa wanalokaa, inatosha kumrudishia silabi mtoto aliyezikosa wakati wa giza la dagaa.

Fedha zaidi zingetosha zenyewe? Swali hilo lilijaribiwa Tanzania kwa umakini mkubwa. Shirika la Twaweza, katika jaribio la KiuFunza la 2013 na 2014, lilichukua shule 350 katika wilaya 10. Kundi moja lilipelekewa ruzuku moja kwa moja, la pili walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani wa stadi za msingi, la tatu lilipata vyote viwili, la nne halikupata kitu. Ruzuku peke yake haikuongeza kujifunza. Bonasi peke yake ilileta dalili zisizo na uhakika. Vilipounganishwa, matokeo yalipanda wazi. Maana yake shule iliyopewa fedha bila sababu ya kumwangalia mtoto wa mwisho hununua vitu. Shule yenye sababu bila fedha hukosa chaki.

Mwanzilishi wa Twaweza, Rakesh Rajani, alianzia Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yeye na Mustafa Kudrati waliongoza Kuleana, kituo cha haki za watoto kilichowapokea watoto wa mitaani wa jiji hili. Ilikuwa miaka ya viwanda vya minofu ya sangara, fedha za kigeni zikiingia na mapanki, yaani mabaki ya samaki, yakikaangwa uswahilini kwa wasioweza kununua minofu. Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, ya mwaka 2004, iliionyesha dunia watoto hao, na Rais Kikwete aliilaani hadharani mwaka 2006. Ubishi juu ya filamu ulikula nafasi kubwa magazetini kuliko watoto wenyewe. Kuleana ilikuwa imeshasema jambo la msingi zaidi, kwamba viboko vya shule ni miongoni mwa vinavyowasukuma watoto mitaani. Mtoto aliyechelewa kwa sababu alikuwa anasukuma mkokoteni wa maji Mabatini akichapwa kwa kuchelewa, kesho hachelewi. Kesho haji.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo shule inaweza kulifanya halina gharama: kuuliza kabla ya kuadhibu. Daftari la mahudhurio lisomwe kama mganga anavyosoma cheti, utoro wa nani, siku zipi, mwezi ukoje. Watoto wanaopotea pamoja kila giza wana sababu ya pamoja, na shule inaweza kuwapangia marudio wakati wa mbalamwezi, kambi ikiwa imepoa.

La wazazi ni gumu zaidi. Kanda ya Ziwa kuna lawama inayojirudia kila mwaka, ya wazazi wanaomwambia mtoto ajikoseshe mtihani wa darasa la saba, aandike majibu ya ovyo, asije akachaguliwa. Viongozi hukemea na wengine hutishia mahakama. Ni kosa kwa mtoto, bila shaka. Lakini mzazi huyo amepiga hesabu: sare mpya, viatu, godoro, chumba cha kupanga karibu na sekondari ya kata iliyo mbali, na binti anayelala huko bila mtu mzima. Watafiti waliowapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu nchini India, katika makala iliyochapishwa mwaka 2013, waliona kwamba watu wale wale walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya akili baada ya mavuno kuliko kabla yake. Hawakuwa wameongezewa elimu. Walikuwa wamepunguziwa wasiwasi. Mkulima wa pamba wa Kwimba huuza pamba yake kuanzia katikati ya mwaka. Shule humwita kwenye kikao Januari, ghala likiwa limekauka, na kumshangaa kwamba hafikirii mbali.

Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini umeelewa nusu ya jambo hili. Unampa mama fedha taslimu, sehemu yake kwa sharti kwamba watoto wahudhurie shule, na tathmini ya majaribio yake ya awali Bagamoyo, Chamwino na Kibaha iliona kaya zikinunua viatu vya watoto zaidi. Nusu iliyobaki ni tarehe. Malipo yakifika Machi hayanunui sare ya Januari.

Busia iliwahi kujaribu pia hilo, ingawa kwa mbolea. Wakulima walipewa nafasi ya kulipia mbolea ya msimu ujao papo hapo baada ya mavuno, na kuletewa bure. Wengi zaidi walitumia mbolea. Mradi uliitwa SAFI. Kamati ya shule ya Misungwi au Sengerema inaweza kufanya hivyo hivyo na chakula: ikusanye mahindi na mpunga wakati wa mavuno, madebe machache kwa kaya, na dagaa wakati wa giza kule mwaloni, badala ya kudai fedha mwezi usio na kitu. Kaya zisizo na shamba wala mtumbwi zisamehewe kimyakimya, majina yakibaki kwa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kitongoji, maana mtoto anayejulikana kuwa anakula cha bure huanza kukikimbia. Litahitajika ghala kavu na chaga za kuinulia magunia yasiguse sakafu, kwa sababu mahindi yakipata unyevu hushika sumukuvu. Itahitajika pia kufuli yenye funguo mbili, moja kwa mwalimu na moja kwa mzazi. Vikao vingi vya kamati vimevunjikia kwenye swali la nani atashika ya pili, na ni bora swali hilo lijibiwe Juni, kabla gunia la kwanza halijaingia.